Kudarizi foronya kwa mkono na kuitunza: mwongozo kamili wa kazi itakayovumilia kufuliwa

Wanaojifunza kudarizi huleta malalamiko yaleyale kila mara: uzi mwekundu umechuja na foronya nyeupe imegeuka ya waridi, kitambaa kimekunjamana kulizunguka ua na pasi haikinyooshi, nyuzi zimeanza kufumuka baada ya kufuliwa mara chache. Wengi hudhani kwamba mkono wao ndio usiofaa. Mara nyingi mkono hauna kosa lolote; kosa limo katika kitambaa ambacho hakikufuliwa kabla ya kukatwa, katika uzi ambao haukujaribiwa, au katika mchoro uliochaguliwa kana kwamba kazi itatundikwa ukutani nyuma ya kioo, ilhali foronya hulaliwa usiku kucha, hushika mafuta ya nywele na kufikichwa kwenye beseni kila wiki.

Kwa sababu hiyo, kila hatua hapa chini imepimwa kwa swali moja tu: je, hiki kitavumilia kufuliwa? Tutadarizi jozi ya foronya za mito ya sentimita 50 kwa 75, zenye pambo la korosho, lile tulilolizoea katika pindo za kanga, likiwa na kitawi cha majani na maua madogo. Utaratibu huu unafaa vilevile kwa vitambaa vya meza, vitambaa vya makochi na mashuka, ila vipimo ndivyo vitakavyobadilika.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kitambaa. Nunua mita 2 za poplini nyeupe ya pamba tupu yenye upana wa sentimita 150. Kiasi hicho kinatosha jozi moja na kubakiza vipande vya majaribio. Marikani pia inafaa, lakini hurudi sana inapofuliwa, hivyo ongeza robo mita. Usichukue tetroni kwa kazi hii, kwa kuwa mikunjo yake huwa migumu kunyoosha na uso wake hutoa vinyoya kichwa kinapousugua. Muuzaji akikuhakikishia kwamba kitambaa ni pamba tupu, mwombe uchomoe uzi mmoja na uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalosagika kati ya vidole; kitambaa kilichochanganywa na plastiki huyeyuka na kuacha kichembe kigumu cheusi.

Nyuzi. Tafuta nyuzi za pamba za kudarizi ambazo kila mmoja umeundwa kwa nyuzi ndogo 6 zinazotenganishika, kama zile za DMC au Anchor. Huuzwa kwa vicha vya mita 8, na kila rangi ina namba yake kwenye karatasi iliyozungushiwa kicha. Kicha kimoja kwa kila rangi kinatosha jozi nzima, kwa sababu mita 8 zikichambuliwa nyuzi mbilimbili hutoa mita 24 za kudarizi. Nyuzi za hariri bandia zinavutia kwa mng'ao wake, lakini huteleza, hufumuka upesi na hupoteza nguvu zikilowa. Ziache kwa kazi isiyofuliwa.

Sindano. Chukua sindano za kudarizi zenye ncha kali na tundu refu, namba 7 hadi 9. Namba inavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Sindano nyembamba mno hulazimisha uzi kupita kwenye tundu dogo, na uzi hulika kila unapovutwa.

Vitu vingine. Fremu ya mviringo ya mbao yenye kipenyo cha sentimita 15 hadi 18, utepe wa bafta wa kuizungushia, mkasi mdogo wenye ncha kali, subana, penseli ya HB iliyochongwa vizuri, karatasi nyeupe, pini zisizoshika kutu, uzi mweupe wa bandi (mshono wa muda), sabuni ya maji isiyo kali, na taulo nene kwa ajili ya pasi.

## Hatua ya 1: Fua kitambaa, kisha jaribu rangi za nyuzi

Kitambaa cha pamba kinachotoka dukani kinaweza kurudi sentimita 3 hadi 5 katika kila mita, na marikani huweza kuzidi hapo. Uzi mzuri wa kudarizi haurudi kwa kiasi hicho. Ukidarizi kabla ya kufua, siku ya kwanza ya kufuliwa kitambaa kitajivuta na darizi itabaki na ukubwa wake. Pambo litavimba, na kitambaa kinacholizunguka kitajaa mikunjo ambayo pasi haiwezi kuiondoa, kwa kuwa imefungwa na uzi wenyewe.

Fua kitambaa kizima mara mbili kwa maji ya moto na sabuni, yawe moto kuliko maji yoyote utakayotumia baadaye. Suuza mpaka maji yawe safi, anika, kisha kipige pasi kikiwa bado na unyevu. Ufuaji huu pia huondoa wanga wa kiwandani, ambao hufanya kitambaa chepesi kionekane kizito na hukwamisha sindano. Usishangae kikitoka kikiwa laini kuliko ulivyokinunua. Huo ndio uzito wake wa kweli, na kama sasa unaweza kusoma gazeti ukiliweka nyuma yake, hakifai. Nyuzi za upande wa nyuma zitaonekana mbele.

Sasa jaribu nyuzi, na usiruke jaribio hili hata kama nyuzi zako ni za bei kubwa. Kata kipande cha sentimita 10 cha kila rangi, kiloweke, kizungushie kipande cheupe cha kitambaa kilicholowa, kisha bonyeza kwa pasi ya moto mpaka vikauke. Fungua utazame. Nyekundu, zambarau, buluu iliyokoza na nyeusi ndizo zinazochuja zaidi.

Rangi ikiacha alama, loweka kicha chote katika maji baridi, badilisha maji mpaka yabaki meupe, kaushia kivulini, kisha rudia jaribio. Ikiacha alama tena, usitumie uzi huo juu ya kitambaa cheupe. Wengi hushauriwa kuloweka uzi katika chumvi au siki ili kufunga rangi. Pamba iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani haifungwi kwa chumvi wala siki, na anayeitegemea njia hiyo hujikuta amepoteza kazi ya wiki kadhaa kwa sababu ya uzi wa bei ndogo.

Umefaulu ikiwa kila kipande cha jaribio kimebaki cheupe kabisa.

## Hatua ya 2: Kata kwa kufuata nyuzi za kitambaa

Kitambaa kilichokatwa mshazari hupinda kila kinapofuliwa, na pambo hupinda nacho. Usikiamini kisu cha muuzaji. Kata mchano mdogo kwenye ukingo, shika uzi mmoja wa mshindio, yaani unaokatiza upana wa kitambaa, uvute taratibu mpaka uache mstari mwembamba kutoka upande hadi upande, kisha kata kwa kuufuata mstari huo.

Kata vipande viwili, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 178 na upana wa 55. Vipimo hivyo vinabeba mbele na nyuma ya foronya, mfuniko wa ndani wa sentimita 18, mapindo, na sentimita chache za ziada ambazo zitachanuka wakati wa kazi. Piga mshono wa kuzingira ukingo wote ili usiendelee kufumuka.

Utadarizi kitambaa kikiwa kimetandazwa hivi, kabla ya kuunganisha foronya. Anayenunua foronya iliyokwisha kushonwa hulazimika kupenyeza mkono ndani ya mfuko, na mapema au baadaye hushonea pande zote mbili pamoja.

## Hatua ya 3: Chagua mahali na uhamishe mchoro

Usiweke pambo katikati. Hapo ndipo shavu linapolala, ndipo mafuta na jasho vinapoingia, na vifundo vya uzi humsumbua mlalaji. Weka pambo kwenye kona iliyo karibu na mdomo wa foronya, umbali wa sentimita 7 kutoka mahali pindo litakapoishia na sentimita 7 kutoka mstari wa mshono wa ubavuni. Weka alama za mistari hiyo kwa uzi wa bandi kwanza, kwa maana macho hudanganya pindo likiwa bado halijakunjwa.

Chora korosho ya urefu wa sentimita 12 hivi kwenye karatasi kwa kalamu nyeusi. Ndani yake weka kitawi kimoja, majani matano au sita na maua mawili au matatu. Pima upana wa kila jani na kila petali: pasizidi milimita 7, kwa sababu uzi utakaovuka nafasi pana kuliko hapo utanaswa na kucha, hereni na vibanio vya nguo. Hili ndilo kosa la michoro mingi inayopatikana bure mtandaoni. Imepanuliwa ili ipendeze kwenye picha, na ikifuliwa mara tatu inabaki vitanzi vinavyoning'inia.

Bandika karatasi kwenye kioo cha dirisha wakati wa mchana, weka kitambaa juu yake, kibane kwa utepe wa gundi, kisha fuata mistari kwa penseli bila kukandamiza. Kwa foronya ya pili geuza karatasi, ili korosho mbili zitazamane mito ikiwekwa sambamba kitandani.

Usitumie kalamu ya wino wala karatasi ya kaboni ya ofisini. Alama zake hazitoki. Kalamu zinazofutika kwa maji zinafaa, kwa sharti kwamba kitambaa hakitapigwa pasi kabla alama hazijaoshwa kabisa, kwa kuwa joto huweza kuzigandisha. Zile zinazofutika kwa joto siziamini kwa kazi ya kudumu: mstari uliotoweka chini ya pasi unaweza kurudi kitambaa kikipata baridi kali, mathalani ndani ya sanduku linalosafirishwa kwa ndege.

## Hatua ya 4: Bana kitambaa kwenye fremu

Zungushia pete ya ndani ya fremu utepe wa bafta uliofuliwa, uushone mwisho wake. Utepe huzuia kitambaa kuteleza na hukikinga na madoa ya mbao. Weka kitambaa juu ya pete ya ndani, shusha pete ya nje, kaza parafujo kidogo, kisha vuta kitambaa kwa kufuata mtande (nyuzi za urefu) na mshindio, kamwe si kwa pembe. Ukivuta pembe, kitambaa kitatanuka mshazari, na ukikitoa kitajirudi na kulikunja pambo. Kaza mpaka kiwe kama ngoma iliyowambwa.

Ondoa fremu kila unapoacha kazi. Fremu iliyolala na kitambaa huacha duara la uchafu na mkunjo mkali, na katika miji ya pwani parafujo hushika kutu upesi kwa unyevu. Sindano nayo usiichomeke ndani ya pambo mpaka kesho. Doa la kutu halitoki kwa sabuni.

Kabla ya kushika kazi, nawa mikono na uikaushe. Kama umepaka hina jana au mafuta ya nazi leo, subiri. Hina mbichi kwenye pamba nyeupe haitoki.

## Hatua ya 5: Andaa uzi

Kata uzi wa sentimita 45, yaani kutoka ncha ya vidole hadi kiwiko. Uzi mrefu zaidi hupita kwenye kitambaa mara nyingi mno, ukaparara na kupoteza mng'ao kabla haujaisha.

Chambua nyuzi ndogo moja baada ya nyingine kwa kuvuta kila moja juu huku ukizishika zilizosalia kwa ulegevu, kisha unganisha tena idadi unayohitaji. Ukivuta mbili kwa pamoja zitakuja zimesokotana, na hazitalala bapa. Tofauti yake huonekana zaidi katika kujaza majani: nyuzi zilizochambuliwa moja moja hufunika kitambaa kikamilifu, zilizovutwa pamoja huacha mianya myeupe.

Usifunge fundo. Fundo hujitokeza kama chunusi kitambaa kinapopigwa pasi, na likipenya wakati wa kufua, mshono wote unafumuka. Acha mkia wa sentimita 6 upande wa nyuma na uushike kwa kidole, utaufunga baadaye.

## Hatua ya 6: Darizi, kwa mpangilio huu

Anza na mistari, fuata na majani na maua, malizia na vifundo. Vifundo vikitangulia vitabanwa na fremu na kubonyea.

Mstari wa nje wa korosho: mshono wa mnyororo, nyuzi 2. Toa sindano juu, irudishe katika tundu lilelile huku ukiacha kitanzi, kisha itoe milimita 4 mbele, ndani ya kitanzi. Vuta mpaka kitanzi kilale, usivute mpaka kifinyike kuwa mstari. Kwenye ncha iliyopinda ya korosho punguza hatua ziwe milimita 2 au 3, la sivyo utapata pembe badala ya mviringo. Kitanzi cha mwisho kifunge kwa mshono mfupi unaokivuka. Asiyefanya hivyo ataona mnyororo mzima ukifumuka kwa kuvuta uzi mmoja.

Kitawi: mshono wa shina, nyuzi 2. Kila mshono uwe na milimita 4 hivi, na sindano itokee nyuma, katikati ya mshono uliotangulia. Uzi ukae upande mmoja wa sindano tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiubadilisha upande katikati ya njia, kamba iliyokuwa ikisokotana vizuri itavunjika, na jicho la mtu litakwenda hapo moja kwa moja.

Majani na petali: mshono wa kujaza, nyuzi 2. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo nenda polepole.

Kwanza zungushia ukingo wa jani mshono wa nyuma, yaani ule ambao kila mshono hurudi nyuma hadi ulipoishia uliotangulia, kwa unyuzi mmoja wa rangi ileile. Ukingo huu utafunikwa wote, lakini ndio utakaozipa nyuzi za juu mahali pa kuegemea, na ndio utakaozuia pengo lisifunguke kitambaa kinapofikichwa.

Kisha anzia katikati ya jani, mahali palipo papana zaidi. Toa sindano nje kidogo ya ukingo upande mmoja, ishushe nje kidogo ya ukingo upande wa pili, kwa mwinamo unaoutaka. Endelea mpaka ncha, rudi katikati, malizia nusu iliyobaki. Anayeanzia kwenye ncha hana kipimo cha mwinamo, naye akifika katikati hukuta nyuzi zimelala ubavu.

Chomeka sindano wima kutoka juu na kuipokea chini kwa mkono wa pili, badala ya kuchota kitambaa kama unayepiga bandi. Kuchota hulegeza kitambaa ndani ya fremu, na hapo ndipo mikunjo huzaliwa. Vuta uzi mpaka uguse kitambaa, kisha acha. Ukiona vitundu vinaachama pembeni mwa jani, unavuta kupita kiasi. Baada ya mishono kadhaa, iachie sindano ining'inie upande wa chini mpaka uzi ujisokotoe wenyewe na utulie.

Jani lililokamilika vyema lina ukingo laini usioonyesha meno, halionyeshi weupe wa kitambaa, na ukilipitishia kidole nyuzi hazisogei.

Vitovu vya maua: vifundo, nyuzi 3. Zungusha uzi kwenye sindano mara moja au mbili tu, ukaze taratibu, kisha shusha sindano nyuzi moja au mbili za kitambaa kando ya pale ilipotokea. Ukiishusha katika tundu lilelile, kifundo kitapita chini na kupotea. Kifundo kikubwa kipatikane kwa kuongeza nyuzi, si kwa kuongeza mizunguko. Mizunguko mitatu au minne hulegea na kunaswa.

Usivushe uzi nyuma kwa zaidi ya sentimita 1 kutoka ua hadi ua. Kwenye kitambaa cheupe mstari huo utaonekana mbele, na kidole cha anayevalisha mto kitaunasa. Funga, kata, anza upya.

Ukijichoma na tone la damu likadondoka, lifute papo hapo kwa maji baridi. Maji ya moto huligandisha.

## Hatua ya 7: Funga nyuzi upande wa nyuma

Pitisha mkia chini ya mishono 4 au 5 upande wa nyuma, vuka mshono mmoja, kisha urudi ulikotoka. Uzi uliofungwa uwe na angalau sentimita 2. Fanya hivyo na mikia yote ya mwanzo uliyoiacha. Mkia wa rangi nyeusi au nyekundu usiupitishe chini ya mishono ya rangi hafifu, kwa kuwa utajionyesha.

Jaribu kwa kuvuta kila mkia kidogo kwa kucha. Ukiteleza, haujafungwa. Ni afadhali uteleze sasa kuliko ndani ya beseni.

## Hatua ya 8: Osha, nyoosha, shona

Loweka kazi katika maji baridi yenye sabuni ya maji kidogo mpaka alama za mchoro zitoke. Mistari ya penseli inayong'ang'ania isugue kwa mswaki laini, ukifuata mstari na si kuuvuka uzi. Suuza vizuri, ikunje ndani ya taulo ili maji yanyonywe, kisha ipige pasi upande wa nyuma ikiwa na unyevu.

Sasa punguza kingo zilizochanuka na ukunje mapindo ya ncha mbili. Tandaza kipande uso ukiwa juu. Kunja upande wa mbele, wenye darizi, uangalie upande wa nyuma kwa sentimita 75, kisha kunja mfuniko wa sentimita 18 juu yake. Shona mbavu mbili kwa nafasi ya sentimita 1 na nusu, zingira kingo, geuza. Mfuniko utaingia ndani na kuushika mto, na korosho itakaa kwenye kona kama ulivyopima.

## Kufua bila kuharibu

Darizi ifuliwe peke yake, kwa mkono, katika maji baridi au ya uvuguvugu usiozidi nyuzi joto 30. Yeyusha sabuni ya maji kwanza ndiyo uingize foronya. Iloweke kwa muda mfupi, ibonyeze na kuiachia, na sehemu zisizo na darizi, hasa ile inayopokea kichwa, unaweza kuzifikicha. Pambo lenyewe usilifikiche. Usikamue kwa kusokota.

Usitumie jiki, hata tone. Huondoa rangi ya uzi na kudhoofisha pamba yenyewe, ambayo baada ya muda huanza kuachia karibu na mishono. Buluu ya kufulia nayo iepuke, kwa sababu huingia kwenye nyuzi nyeupe na za manjano na kuzifanya chafu.

Anayetumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Dar es Salaam, atakuta sabuni ya kipande inaganda na kuacha utando wa kijivu juu ya nyuzi. Tumia sabuni ya maji, na maji ya mwisho ya kusuuza yawe ya mvua au ya bomba.

Rangi ikichuja licha ya tahadhari zote, jambo la kwanza ni kutoruhusu kitambaa kikauke. Kirudishe mara moja katika maji baridi mengi, badilisha maji kila yanapopata rangi, na uendelee hata ikichukua siku nzima. Rangi iliyokauka, na hasa iliyopigwa pasi, huwa vigumu sana kuiondoa.

Mafuta ya nywele yapake sabuni ya kuoshea vyombo kabla ya kuloweka, uache kwa dakika chache. Mafuta mabichi ya chakula kwenye kitambaa cha meza yamwagie poda ya watoto, yaache yanyonywe, kisha kung'uta na kufua. Maua ya asmini yanayotandazwa kitandani siku ya harusi yaondolewe kabla watu hawajayalalia, kwani yakipondeka huacha madoa ya kahawia. Doa la kutu kwenye sehemu nyeupe tupu linaweza kupungua kwa maji ya limau na chumvi, lakini mchanganyiko huo usiguse darizi.

Anika kivulini, kitambaa kikiwa kimetandazwa juu ya taulo au juu ya kamba ya plastiki iliyofutwa, pambo likiangalia ndani. Waya wa chuma huacha mstari wa kutu, na jua la mchana hupausha rangi.

## Pasi

Weka taulo nene, laza darizi kifudifudi juu yake, na upige pasi upande wa nyuma kitambaa kikiwa na unyevu. Mishono itazama ndani ya taulo na kubaki imeinuka. Ukipiga upande wa mbele itabonyea na kung'aa. Bonyeza na kuinua, usisukume. Kwa pasi ya mkaa weka kipande cha kanga kuukuu katikati, ili jivu au cheche isiangukie kazi.

## Kuhifadhi

Usiweke kabatini foronya iliyotumika hata usiku mmoja. Mafuta yasiyoonekana leo yatakuwa madoa ya njano baada ya miezi. Usitie wanga kabla ya kuhifadhi. Wanga huvutia mende na wadudu wengine wanaoula, na hula pamba pamoja nao.

Vitambaa vikubwa viviringishe kwenye bomba la karatasi lililofunikwa bafta, pambo likiwa nje. Foronya zikunje mbali na pambo, na kila baada ya miezi michache zifungue na kuzikunja mahali pengine, kwa sababu nyuzi hukatika penye mkunjo wa kudumu. Zifungie ndani ya bafta iliyofuliwa. Mfuko wa plastiki, hasa pwani, hufungia unyevu na kuleta ukungu. Mbao tupu za kabati pia huacha madoa, hivyo zitandike kitambaa.

Wanaopenda kufukiza nguo kwa udi waziinue juu ya moshi kwa umbali wa kutosha na kwa muda mfupi, na karafuu zitiwe ndani ya kifuko chake badala ya kutawanywa juu ya kitambaa, kwa maana mafuta yake hutia doa.

## Uzi ukilegea au kukatika

Kitanzi kilichonaswa usikikate. Chomeka sindano upande wa nyuma, kivute kirudi chini, na ukifunge hapo kwa unyuzi mmoja.

Uzi ukikatika, fumua tu kiasi kinachokupa mkia wa kutosha kufunga pande zote mbili, kisha jaza upya ukitumia matundu yaleyale. Uzi mpya utaonekana mkali kando ya ule uliofuliwa mara nyingi, na ndiyo sababu inafaa tangu mwanzo kuweka mabaki ya kila rangi, pamoja na karatasi yenye namba yake, ndani ya kifuko cha bafta, na kukifua kifuko hicho pamoja na foronya kila mara. Mabaki yatapauka kwa mwendo uleule, na kiraka hakitajulikana.

Kagua upande wa nyuma kila unapomaliza kupiga pasi, kazi ikiwa bado imelala kifudifudi na mikia yote ikiwa wazi mbele yako. Mkia uliochomoza urudishe siku hiyohiyo, kabla foronya haijavalishwa mto.